Namna ya Kuwasimulia Wanakwaya Kisa cha Mtakatifu Sesilia

Ukiombwa kuwaeleza wanakwaya wenzako habari za Sesilia, mtakatifu somo wao, jioni ya Novemba 22, sikukuu yake, mazoezi yakiwa yamekwisha na kila mtu akiwazia matatu ya kurudi Kayole au Kawangware, hutakuwa na zaidi ya dakika kumi, kwa hiyo usianze na kifo chake. Anza na harusi.

Eleza kwamba Sesilia, binti wa ukoo wa heshima mjini Roma, alikuwa amemwekea Mungu nadhiri ya ubikira, lakini akaozwa kwa kijana mpagani aitwaye Valerian. Siku ya harusi, vyombo vya muziki vikilia, yeye alimwimbia Mungu peke yake, moyoni mwake. Tua hapo. Maneno “moyoni mwake” yaliondolewa katika antifona (wimbo mfupi wa ibada) ya sikukuu yake, na watu wa baadaye wakadhani ni yeye aliyekuwa akipiga kinanda; ndiyo maana wachoraji humweka mbele ya kinanda, na wanamuziki wakamfanya msimamizi wao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye mafundisho kwa wanakwaya kuliko katika mateso yote, hasa kwa wale wa sauti ya kwanza wanaoshindana kusikika.

Yanayofuata yapitie upesi: Valerian alibatizwa na Papa Urban, akamvuta ndugu yake Tiburtius, na wote wawili wakauawa, Sesilia alifungiwa bafuni ili mvuke umuue, lakini haukumdhuru, kisha akapigwa upanga shingoni mara tatu, akaishi siku tatu zaidi.

Akitokea wa kuuliza kama yote hayo yalitukia kweli, usimfokee wala usimdanganye. Mwambie kwamba kisa hiki kiliandikwa katika karne ya 5, ilhali Urban alikuwa Papa kati ya mwaka 222 na 230. Kisha mkumbushe kwamba jina la Sesilia hutajwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, mojawapo ya sala za Misa, na kwamba mwaka 821 Papa Paskali wa Kwanza aliyahamishia masalia yaliyoaminika kuwa yake katika kanisa la Mtakatifu Sesilia, mtaani Trastevere, Roma. Kaburi lake humo lilifunguliwa mwaka 1599, na mwaka uliofuata Stefano Maderno akachonga sanamu ya marumaru ya msichana aliyelala kwa ubavu, uso umegeukia chini, na alama ya upanga shingoni.

Uwe na picha ya sanamu hiyo katika simu, uipitishe mkono kwa mkono. Mwisho, mwombe mwalimu wa kwaya aongoze ubeti mmoja kwa mkono tu, wote wakiuimba kimoyomoyo, kabla ya kuuimba kwa sauti.