Supu ya joka kwa usiku wa gemu
Kama mnakutana kwako kucheza Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani mnaigiza mashujaa wanaopita vyumba kwa ramani wakipigana na majoka, achana na krisps, mafuta yote huishia kwa karatasi na ile kete ya pande 20. Mi hupika supu ya joka: kilo moja ya mifupa toka buchari, ichemke polepole masaa matatu hivi, alafu nyanya na hoho nyekundu nazichoma kwa jiko mpaka ngozi iwe nyeusi, nasaga, natia ndani na tangawizi mob, inatoka nyekundu kama moto. Pilipili weka kando, hakukosi mtu wa kujifanya shujaa. Na pakua kwa vikombe vya chai, si bakuli, yangu ilishawahi mwagikia ramani yote na tulikuwa tumebakisha chumba kimoja tu.