Ukitembezwa kwenye mawe ya Nyiragongo, inama

Ndugu zangu, mkienda matembezi mafupi na kiongozi hapa Goma, msiishie kupiga picha za Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Mwombeni asimame pale lava (mawe yaliyoyeyuka) ya mlipuko wa Januari 2002 ilipopita, kisha mwiname. Shika jiwe moja: limejaa vitundu. Ni viputo vya gesi vilivyonaswa lava ilipokuwa inaganda. Ukiona mikunjo kama kamba zilizolazwa pamoja, ujue ngozi ya juu ilianza kuganda huku chini bado kunatiririka. Lava ya Nyiragongo ni ya majimaji sana, ndiyo maana hukimbia vile. Tazameni pia utando wa kijivu juu ya mawe. Huo ni kuvumwani (lichen), hutangulia kuota, halafu kangaga huchipuka kwenye nyufa. Hapo ndipo napenda kusimama na watoto muda mrefu.

Ila kwenye vibonde, hasa alfajiri pasipo upepo, kuna mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayoweza kuua, nzito kuliko hewa, haionekani. Mtoto huzidiwa kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Kiongozi akisema msishuke, msishuke hata hatua moja.

Na vaeni viatu vya soli nene, mawe hayo yanakata.