Kukagua ngozi ya mzee anayetumia kiti cha magurudumu
Mzee aliyepooza, au anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu, anahitaji kukaguliwa ngozi kila siku, kwa ridhaa yake na kwa staha, hasa matakoni, nyongani na visiginoni, kwa sababu mahali palipopoteza hisia kidonda cha mgandamizo, yaani kinachotokana na uzito wa mwili kukandamiza ngozi kwa muda mrefu, huanza bila maumivu. Wengi hufundishwa kutafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kwa hiyo pitisha mgongo wa mkono ukitafuta joto, ugumu au uvimbe usiokuwepo kwenye ngozi ya pembeni. Ukikuta mahali penye dalili hizo, usipasugue wala kupakanda, bali ondoa uzito hapo mara moja. Kitini, asaidiwe kubadilisha mkao kila baada ya dakika 15 hadi 30; ngozi ikichubuka, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.