Konea Mpya Jichoni: Kuitunza Tangu Siku ya Kwanza Hadi Mshono wa Mwisho

Konea ni utando angavu ulio mbele ya mboni, kama kioo cha saa kinavyofunika mishale. Katikati una unene wa nusu milimita tu. Ukichongoka kwa keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na kutokeza kama pia, au ukabaki na chamba baada ya kidonda, daktari hukata duara la milimita 7.5 hadi 8.5 na kuweka mahali pake konea ya mtu aliyefariki. Huishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, mara nyingi mishono 16. Upasuaji wenyewe huisha ndani ya saa mbili. Kuilinda konea hiyo huchukua miaka, na kazi hiyo hufanyika nyumbani.

Anza kujiandaa kabla ya kuitwa. Konea iliyohifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 hudumu takriban siku 14, na nyingi zinazotumika Afrika Mashariki huletwa kwa ndege kutoka benki za macho za nje. Ukiwa kwenye orodha ya wanaosubiri konea, simu iwe wazi, nauli iwe tayari, na mtu wa kukusindikiza awe anajulikana. Jicho likiwa jekundu au linatoa tongotongo, sema mapema. Haipandikizwi konea kwenye jicho lenye maambukizi.

Matone, na sababu ya kutoyaacha

Konea haina mishipa ya damu. Ndiyo maana mwili huipokea kwa urahisi kuliko figo, na wagonjwa wengi hutumia matone ya steroidi tu, dawa inayotuliza kinga ndani ya jicho, bila vidonge vya kushusha kinga. Lakini kinga ya mwili haijalala. Upande wa ndani wa konea una safu moja tu ya seli, ambazo husukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Seli hizo zikifa hazioti tena. Kila shambulio la kinga huua baadhi yake, na zikipungua sana konea huvimba na kuwa ya ukungu moja kwa moja.

Kosa linalorudiwa sana hutokea mwezi wa tatu au wa nne: jicho jeupe, halina maumivu, mgonjwa anaona vizuri, anaacha dawa. Jicho limetulia kwa sababu dawa ipo. Kwa kawaida prednisoloni ya asilimia 1, ambayo ndiyo matone ya steroidi, huanza kwa mara 4 hadi 6 kwa siku au zaidi, kisha daktari huipunguza polepole kwa miezi 6 hadi 12. Wengine hubaki na tone moja kwa siku kwa miaka. Anayepunguza ni daktari.

Nawa mikono kwa sabuni. Tikisa chupa vizuri, kwa kuwa dawa hii hutuama chini, na asiyetikisa hujitilia maji tu. Vuta kope la chini kwa kidole kilichoegemea mfupa wa shavu, bila kukandamiza jicho, kisha tia tone moja. La pili humwagika tu. Ncha ya chupa isiguse kope wala jicho. Fumba jicho, bana kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, halafu subiri dakika 5 kabla ya dawa nyingine. Chupa ya mililita 5 ina takriban matone 100, kwa hiyo ukitia mara 6 kwa siku itaisha baada ya siku 16 hivi. Nunua nyingine siku ya 12. Iliyofunguliwa itupe baada ya wiki 4 hata kama imebaki. Duka la dawa likikosa yako na kukupa inayofanana, mpigie daktari kwanza.

Steroidi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, nayo haiumi mpaka mshipa wa kuonea umekwisha kuathirika. Kila unapokwenda kliniki, hakikisha presha imepimwa. Kama konea ya zamani iliharibiwa na virusi vya herpesi, vidonge vya asaikloviri navyo visikatwe bila ruhusa.

Mfungo wa Ramadhani usiwe sababu ya kuacha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mwaka 1997 kwamba matone ya macho hayabatilishi funga. Mwenye shaka azungumze na shehe wake kabla ya mwezi kuandama.

Wiki za mwanzo

Lala na kifuniko cha plastiki juu ya jicho, si pamba peke yake, kwa wiki 4 hadi 6. Usibebe ndoo wala gunia, usiiname sana, swali umeketi. Ukitawadha au ukinawa, pangusa uso kwa kitambaa kilicholowa, maji yasiingie jichoni. Asali, maziwa ya mama na dawa za mitishamba visikaribie kabisa.

Usisugue jicho. Wenye keratokonasi wengi wana mzio unaowasha, na kusugua kunaweza kukata mishono. Muwasho una matone yake. Yaombe, na wakati huo weka kitambaa baridi juu ya kope zilizofumbwa.

Waliopandikizwa safu ya ndani pekee huwekewa kiputo cha hewa au gesi kinachoibana safu hiyo mahali pake. Hao walale chali, macho darini, kwa muda walioelekezwa, na wasipande ndege mpaka daktari athibitishe kuwa kiputo kimeisha: angani kiputo hutanuka na presha ya jicho hupanda ghafla. Aliyefanyiwa upasuaji India aulizie jambo hili kabla ya kukata tiketi ya kurudi, na arudi na barua inayotaja aina ya upasuaji, tarehe, idadi ya mishono, presha na dawa.

Kipimo cha kila asubuhi

Tundika kalenda ukutani. Kila asubuhi simama mahali palepale, funika jicho jingine, soma tarehe. Jana zilisomeka na leo zina ukungu? Nenda kliniki siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia jicho likiwa jekundu, mwanga ukiliumiza, au likiuma. Shambulio la kinga likiwahiwa, mara nyingi huzimwa kwa matone ya kila saa. Likiachwa wiki mbili, seli zilizokufa hazirudi. Hatari ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza, lakini inaweza kuja hata baada ya miaka 10.

Ukihisi mchanga usiotoka, huenda mshono umelegea. Usiuvute. Uzi uliolegea hukusanya bakteria, na doa jeupe likitokea pembeni yake ni usaha; hilo ni la dharura.

Mishono huanza kutolewa mmoja mmoja baada ya miezi kadhaa, na mara nyingi yote huwa imetoka kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Usinunue miwani ya bei kubwa kabla ya hapo, kwa kuwa kila uzi ukitolewa umbo la konea hubadilika. Wengine, miwani isipotosha, hupewa lenzi ngumu ya kuvaa jichoni. Na kovu la mshono halifikii kamwe nguvu ya konea ya kuzaliwa: mpira wa miguu, kiwiko au jiwe la barabarani huweza kulipasua hata miaka mingi baadaye. Kwenye bodaboda, gereji na shamba, vaa miwani ya plastiki ngumu isiyovunjika.