UPS nzito kwenye raki: toa betri kwanza
Mnaofunga UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) kwenye raki (fremu ya chuma ya kupangia seva na vifaa vingine), tafadhali msiinyanyue ikiwa na betri zake. Betri hizo za madini ya risasi ndizo zenye sehemu kubwa ya uzito. Zichomoe, funga kasha likiwa jepesi, kisha zirudishe moja moja. Mahali pa UPS ni chini kabisa ya raki, na kabla ya yote hakikisha raki imefungwa sakafuni kwa bolti. Ukivuta seva ya juu kwenye raki iliyosimama bure, raki nzima inaweza kukuangukia.

Kifaa kirefu kwa nyuma kisining'inie kwa masikio ya mbele tu (vibao vya pembeni vyenye matundu ya skrubu). Kinahitaji reli au shelfu. Mwenzako akishikilia, kaza skrubu za chini kwanza, ndipo za juu. Na vidole, jamani, visikae kati ya kifaa na reli.