Somo: Koizumi au Longa? Kumpandikizia panya kiharusi kwa uzi

Njia zote mbili hupeleka uzi wa nailoni hadi mdomoni mwa ateri ya kati ya ubongo, uzibe damu. Ya Koizumi ni ya 1986, ya Longa 1989. Tofauti ni pa kuingilia, nayo ndiyo huamua damu itarudi vipi uzi ukivutwa.

1. Kibali cha maadili kwanza. Kisha dawa ya usingizi, ya maumivu, na joto la mwili 37°C. Joto wengi hulipuuza: ubongo uliopoa hujikinga wenyewe, nawe ukasifu bure dawa unayoijaribu.

2. Pasua shingo katikati, zitenge karotidi (ateri za shingoni zipelekazo damu kichwani): kuu, ya nje na ya ndani. Neva ya vagasi imelala papo hapo; usiibane.

3. Koizumi: funga karotidi ya nje na karotidi kuu, toboa karotidi kuu, ingiza uzi. Longa: kata karotidi ya nje, ugeuze kisiki chake kiwe mlango. Huchukua muda, maana vitawi vyake lazima vichomwe ili vizibe.

4. Sukuma taratibu. Kwa panya wa gramu 250–300 ni takriban milimita 18–20 kutoka panapogawanyika karotidi. Ukikwama mapema, huenda umeingia ateri ya terigopalatini, tawi lisiloenda ubongoni; rudi nyuma. Dopla ya leza, kipimo cha mtiririko wa damu, ioneshe umeshuka angalau 70%.

5. Vuta uzi, mara nyingi baada ya dakika 60 au 90. Kwa Longa karotidi kuu hufunguliwa na damu hupita njia yake. Kwa Koizumi hubaki imefungwa, damu ikategemea duara la Willis, pete ya ateri chini ya ubongo, ambalo halilingani panya kwa panya. Ukichunguza damu inaporudi, mimi nasema Longa. Kama uzi hautolewi, Koizumi yatosha.

Maswali

*Panya wangu wa Longa wanakonda. Ni kiharusi?*
Si kiharusi pekee. Karotidi ya nje uliyoikata hulisha misuli ya kutafuna. Wape chakula laini, wapime kila siku.

*Mmoja kafa, damu imetapakaa chini ya ubongo.*
Uzi umetoboa mshipa. Ncha yenye silikoni hupunguza hilo. Vigezo vya kumwondoa panya viandikwe kabla ya jaribio.

*Naweza kutumia kontroli (panya wa kulinganishia) wa Koizumi kwa kundi la Longa?*
Hapana. Kontroli wafungwe mishipa ileile, kasoro uzi kufika kwenye ubongo.