Arizona au New Mexico: Kabla ya Kununua Shamba Jangwani, Chunguza Maji

Baadhi ya ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi wakafikia Tucson, Phoenix au Albuquerque, miji ya majimbo haya mawili ya Marekani, ni wakulima tangu utotoni. Wakishaweka akiba kidogo, hamu ya shamba hurudi, na matangazo ya eka za bei rahisi jangwani yako tele. Mara nyingi urahisi huo unatokana na jambo moja: hapo hakuna maji.

Arizona ina sheria ya maji ya ardhini ya mwaka 1980. Katika maeneo yanayosimamiwa, kama Phoenix, Tucson na Pinal, huruhusiwi kufungua shamba jipya la umwagiliaji la eka 2 au zaidi. Kisima cha nyumbani chenye pampu isiyozidi lita 132 kwa dakika kina masharti mepesi. Nje ya maeneo hayo mwenye ardhi huvuta maji karibu atakavyo. Uhuru huo huwavutia wanunuzi, wakasahau kwamba jirani anao pia, tena ana pampu kubwa zaidi. Katika bonde la Willcox huko Arizona, kabla halijawekwa chini ya usimamizi mwaka 2025, mashamba makubwa yalichimba visima virefu, maji yakashuka, visima vya watu vikakauka na ardhi ikapasuka nyufa. Usitegemee maboza pia: Januari 2023 jiji la Scottsdale, jirani na Phoenix, lilisitisha maji yaliyokuwa yakisombwa kwenda kitongoji cha Rio Verde Foothills. Kwa hiyo pitia kumbukumbu za visima za idara ya maji ya jimbo, ulinganishe kina cha sasa na cha zamani.

New Mexico ni kali zaidi kwenye karatasi, na kwa mkulima mdogo naona ukali huo ni kinga. Kibali cha kisima cha nyumbani hutolewa na ofisi ya mhandisi wa jimbo, na huruhusu bustani ya familia isiyozidi eka 1. Ukitaka kuuza mboga sokoni, kibali hicho hakitoshi. Kaskazini kuna mifereji ya jamii iitwayo acequia, iliyoanza enzi za Wahispania. Inafanana na mifongo ya Wachaga: watu husafisha mfereji pamoja na kupokea maji kwa zamu. Shamba lenye haki ya mfereji ndilo ningelichagua. Lakini haki hiyo inaweza kuuzwa mbali na ardhi, hivyo hakikisha bado ipo, na uzungumze na msimamizi wa mfereji kabla hujalipa hata senti.

Hali ya hewa nayo ipime. Phoenix hupita nyuzi 40 majira ya joto; nyanya huacha kushika matunda. Santa Fe huko New Mexico, karibu mita 2,200 juu ya bahari, jalidi huweza kuua miche hata Mei.

Kote kuwili mvua za majira ya joto huanza Julai, na ardhi ngumu huziacha zipite. Wazuni, wenyeji wa asili wa New Mexico, hupanda kwenye majaruba madogo yenye kingo za udongo. Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa Arizona, hupanda maharage ya tepari kwa maji ya mafuriko. Fuateni mbinu hizo, mkitandaza majani makavu juu. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 250, utavuna kama lita 20,000 baada ya upotevu. Nunua tangi mapema, na upeleke udongo ukapimwe chumvi kabla ya kusaini hati.